Mzee Aliyekaa Pitani

Haya niliyapata kwa Mwantumu binti Semboja mwenyewe, mwaka ule mvua za vuli zilipogoma kuja na sisi wanawake tukawa hatuna la kupanda. Tulikuwa tukichambua kunde uani kwake. Alinipa yote kwa siku tatu, kidogo kidogo, maana alikuwa mtu wa kukata maneno katikati akaenda kutazama chungu. Mimi nawapa kwa mfululizo. Kama kuna pahala mtaona pamezidi, basi jueni ndivyo palivyokuwa.

Baba yake, Mzee Semboja, alikuwa mchonga vinyago wa kando ya barabara kuu. Miaka arobaini alichonga tembo, hakuchonga kitu kingine. Tembo wadogo wa kushika kiganjani, tembo wakubwa wa kuweka mlangoni, wote wa mpingo, na wageni waliopita walinunua wakaenda nao makwao. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona tembo. Msicheke. Aliyemfundisha kazi hakuwahi kumwona pia, alijifunza kwa kinyago cha mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hatujui alijifunza wapi.

Sasa, kulikuwa na kitu kimoja kilichomnyima raha, nacho ni goti. Mguu wa mbele hakuwa na wasiwasi nao. Ni ule wa nyuma. Tembo akiukunja, goti linatokeza mbele au nyuma? Yeye alilichonga linatokeza nyuma, kama la mbuzi, kwa kuwa mbuzi alikuwa nao pale nyumbani. Siku moja mteja alikigeuza kinyago, akakitazama miguu, akatabasamu, akakirudisha mezani bila kusema neno. Tabasamu lile lilimkera mzee miaka kumi na saba.

Kisha yakaja macho. La kulia lilikwisha kufa. La kushoto, daktari alisema halitavuka masika. Mzee hakulia wala hakulalamika. Alimwita binti yake akamwambia, "Mwantumu, nataka nimwone tembo akikunja mguu wa nyuma. Hicho kimoja. Mengine nimeshaona ya kunitosha."

Mwantumu alikuwa mtu wa mipango. Harusi na misiba ya mtaa mzima ilipita mikononi mwake, na angeweza kukuambia sufuria ipi itateremka jikoni saa ngapi na nani ataibeba. Alikuwa amesikia habari za nchi ya Pitani, kwamba huko mahekalu ya watu wa kale na wanyama wa porini viko pamoja, na mtu huviona vyote kwa siku moja. Akafikiri, ikiwa baba anaona kwa mara ya mwisho, kwa nini aone kimoja? Akanunua daftari, akakaa wiki tatu akipanga siku. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na aliyeniambia kuwa ni kosa ni yeye.

Jinsi walivyofika huko hakunieleza, nami sikumuuliza.

Pitani ni nchi nzuri, ya vilima na nyasi ndefu, na mahekalu yametawanyika humo kama ng'ombe walioachwa malishoni. Watu wake ni wapole. Wanatembea upesi lakini hawakusukumi. Wakikutana asubuhi hawaulizani hali. Mmoja husema, "Umeona?" na mwenzake hujibu, "Nimeona," wakapishana. Hakuna anayeuliza umeona nini. Mwantumu alipouliza mara moja, yule mama aliyemsalimu alishangaa, akasema, "Nimeona tu, mwenzangu," akaenda zake.

Mgeni wa Pitani hupewa siku moja, toka jua kuchomoza mpaka kuzama, haiongezwi. Hupewa na karatasi ya siku, yenye vyumba vilivyopigwa mistari, na kila chumba lazima kiwe na kitu cha kuonwa. Chumba kisichoandikwa huitwa mwanya, na mwanya ni kosa. Wako maofisa kazi yao ni kukagua karatasi za wageni na kuziba mianya. Hao huitwa Wapangasiku. Aliyewapokea kina Mwantumu aliitwa Bwana Kondo, mtu mrefu, mwembamba, mwenye kengele ya shaba kiunoni na adabu nyingi.

Alilisoma daftari la Mwantumu akiwa amesimama. Ofisini mle wote walisimama, meza zilikuwa ndefu kufika kifuani.

"Kazi nzuri, dada," alisema. "Sijawahi kuona mgeni amejipanga hivi. Ila hapa umeandika tembo, halafu nusu saa nzima hukuandika kitu."

"Hapo baba atakuwa anamwangalia tembo."

"Ameshamwona. Tembo ni dakika nne."

"Hapo nimesema kumwangalia, kaka."

"Kuona na kuangalia hapa kwetu ni chumba kimoja, dada yangu." Akachukua kalamu. "Nikutilie kiboko hapa. Na hapa Hekalu la Mapacha. Ukiligusa tu ukatoka, unapata nafasi ya pundamilia."

Mwantumu alisema moyo wake ulifurahi. Yeye alikuwa amepata vitu kumi na vitatu, na Bwana Kondo akavifikisha kumi na tisa. Mahekalu kumi na moja, wanyama wanane. Na mwisho kabisa, jua likielekea kuzama, Hekalu la Paa la Shaba, ambalo alikuwa ameliota wiki tatu nzima.

Mzee Semboja alikuwa ameegemea fimbo yake pembeni. Akapapasa ukuta, akapapasa dirisha, akakuta kila ubao umepigiwa misumari ncha juu.

"Jamani, hapa pa kukaa hakuna?" aliuliza.

Kalamu zote mle ndani zilisimama.

"Mzee wangu," Bwana Kondo alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemfunika mwenzake nguo, "neno hilo usilirudie." Akamwonyesha kibao juu ya mlango. Mwantumu akakisoma kwa sauti, kwa ajili ya baba yake: Kanuni ya Tatu. Mgeni haruhusiwi kukaa.

"Haya," mzee alisema. "Nimesikia."

Siku ikaanza. Walipandishwa gari la wazi lisilo na viti, lenye kamba za kushika, pamoja na wageni wengine kumi. Bwana Kondo alisimama mbele na kengele yake. Gari likifika, kengele inalia, watu wanashuka. Dakika nne zikiisha, kengele inalia, watu wanapanda. Kila mtu anagongwa muhuri mkononi, umeandikwa Nimeona. Ilipofika saa tatu, mkono wa Mwantumu ulikuwa umejaa mpaka karibu na kiwiko.

Kulikuwa na jambo la ajabu katika maelezo. Siku ilikuwa imebanwa kiasi kwamba Bwana Kondo hakuwahi kumaliza habari za kitu kimoja kabla ya kufika kingine. Basi alikuwa anaendelea tu. Mbele ya kiboko alieleza nguzo mia za hekalu lililopita na wafalme waliozijenga. Walipoingia Hekalu la Mapacha, ndipo alipofika kwenye kiboko, akasema, "Hawa mchana hujificha majini kulikwepa jua." Wageni wakatazama sanamu za wale mapacha wa mawe, wakatikisa vichwa, wakaandika. Mama mmoja mnene aliyesimama jirani na Mwantumu alinong'ona, "Maskini, na hapa maji yenyewe yamekauka." Hakuna aliyemcheka. Hata Mwantumu hakumcheka, maana alikuwa anaangalia saa.

"Baba, umeona twiga?" alimuuliza walipokuwa njiani.

"Nimeona shuka la huyu mama."

"Na lile hekalu lenye ngazi?"

"Ngazi niliziona. Nilizikanyaga." Mzee alikuwa hana kinyongo. "Jicho langu mwanangu ni kama mzee mwenzangu, ukimwita haji mbio. Anajikongoja. Akifika anakuta mmeshaondoka."

Mwantumu akasema moyoni, kwa tembo itakuwa tofauti.

Saa sita wakafika Ukuta Mrefu. Ni hekalu lisilo na paa, limebaki ukuta mmoja tu, mrefu kama mtaa, na chini yake kuna dimbwi la tope jekundu. Tembo walikuwepo, saba au wanane, wamesimama kwenye kivuli cha ukuta. Wamesimama tu. Miguu kama magogo, haikunjiki popote. Bwana Kondo alikuwa bado anaeleza habari za simba. Mzee Semboja akasogea mbele, akafumba jicho, akalifumbua, akasubiri. Kengele ikalia. Tembo wakageuka mara moja, wakaondoka nyuma ya ukuta.

"Tupande, wapendwa," Bwana Kondo alisema. "Hekalu la Wapiga Ngoma linatusubiri."

Wote wakapanda. Mwantumu akanyoosha mkono amshike baba yake, akashika hewa. Mzee Semboja alikuwa ameweka fimbo chini, ameshika goti moja, ameshika la pili, ameshuka taratibu kama mtu anayeteremka kisimani. Akakaa. Chini, kwenye mchanga, mgongo kwenye ukuta.

"Amekaa," yule mama mnene alisema.

Neno likapita ndani ya gari kama moshi. Dereva akazima moto.

Bwana Kondo alishuka akachuchumaa karibu yake, akakumbuka, akasimama. "Mzee, inuka. Tafadhali. Sijaona kitu. Ukiinuka sasa hivi, mimi sijaona."

"Umeona, baba," Mzee Semboja alisema. "Wewe ndiye mwenye muhuri."

Pitani wana Baraza la kutatua mambo kama hayo, na Baraza lenyewe huzunguka na gari lake kuwafuata wenye makosa, kwa sababu mwenye kosa akipelekwa ofisini siku yake itapata mwanya. Halikuchukua muda. Wakashuka watano, wakasimama mstari mmoja. Baraza lao halina baraza la kukalia, kama mnavyonielewa. Mkuu wao ni mwanamke wa makamo, cheo chake Msimamizi Mkuu, na hupewa yule aliyesimama miaka mingi kuliko wenzake. Miguu yake ilikuwa imevimba, kaifunga vitambaa. Pembeni yake alikuwepo karani mzee mwenye kitabu cha kanuni.

"Shikamoo mzee," Msimamizi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole na miguu."

"Nimeshapoa. Umekaa?"

"Nimekaa."

"Kanuni ya Tatu inasema mgeni haruhusiwi kukaa."

"Naijua, nilisomewa asubuhi. Nilikuwa nataka kuuliza, kukaa kupi?"

Wakatazamana.

"Kwetu," mzee alisema, "mtu akiniuliza unakaa wapi, simwonyeshi kigoda. Namwambia nakaa Magoma. Nyie mnakaa wapi?"

"Tunakaa hapa hapa Pitani," alijibu mmoja wa wale watano, kwa fahari kidogo. "Tangu mababu."

"Saa ngapi? Maana huyu Bwana Kondo niko naye toka alfajiri, sijamwona amekaa hata mara moja. Na wewe mama yangu, kwa miguu hiyo, naona hujakaa siku nyingi."

Bwana Kondo akaangalia viatu vyake. Karani akafungua kitabu, akanyevua kidole, akapekua nyuma kabisa, kule karatasi zimekuwa za rangi ya chai.

"Kusema kweli," karani alisema polepole, "kanuni hii iliandikwa zamani za wafugaji. Walikuja na mifugo, wakaombwa wapite, wakajenga. Ndipo pakaandikwa mgeni asikae. Nafikiri aliyeandika alikusudia asihamie."

"Aliyeandika amekufa," Msimamizi akasema. "Sisi tunasoma alichoandika, hatusomi alichokusudia."

"Ndiyo, Bi Mkubwa. Nasema tu."

"Na kama ni kuhamia," akauliza yule mwenye fahari, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, "vile viti vyote tuliving'oa vya nini? Na misumari madirishani? Babangu mimi alikuwa fundi wa misumari ile. Alikufa akiwa amesimama."

Mwantumu aliniambia ndipo alipowaonea huruma. Kwa sababu kila mmoja wao alikuwa anapiga hesabu ya magoti yake mwenyewe, na hakuna aliyetaka jibu litoke.

Msimamizi alifikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya huko, pengine dakika tano nzima. Kisha akatoa hukumu. Alisema neno kukaa ni moja na maana yake ni zote mbili, na hakuna kiti kilichong'olewa bure. Mzee huyu amekaa. Aliyekaa ni mkaazi. Mkaazi si mgeni. Na kanuni inamkataza mgeni. Kwa hiyo hakuna kosa lililotendeka, ila karatasi yake ya siku ichanwe, kwa kuwa mkaazi hana haja ya kuonyeshwa nchi yake, wala asipewe nyingine maisha. Atakuwa mkaazi mpaka jua lizame, na likizama atasindikizwa mpakani. Mpangasiku wake abaki kumlinda. Gari liendelee na dereva.

"Nimeridhika," Mzee Semboja alisema.

"Na wewe, dada?" Msimamizi akamgeukia Mwantumu. "Wewe bado ni mgeni, umesimama vizuri. Panda gari. Una vitu tisa mbele yako."

Mwantumu alitazama karatasi yake. Vyumba vilivyobaki vilikuwa vimejaa mwandiko mzuri wa Bwana Kondo, na cha mwisho kabisa kiliandikwa Paa la Shaba. Watu walisema jua likilala juu yake hekalu lote huonekana linachemka. Hatakuja tena Pitani, hilo alilijua. Kupata hata siku hii moja kulimchukua kila alichokuwa nacho cha subira.

"Nenda, mwanangu," baba yake akasema. "Nenda ukaone. Mimi sina neno. Jioni utanisimulia." Na hakuwa anamsema kwa fumbo. Alimaanisha.

Hilo ndilo lililomshinda, Mwantumu aliniambia. Angemgombeza, angepanda. Aliona akilini mwake jinsi jioni itakavyokuwa, yeye anasimulia, paa lilikuwa hivi, twiga alikuwa hivi, na baba anaitikia ehe, ehe, kwa heshima, jicho limeelekea kwingine. Na pengine tembo atakuwa amekunja mguu saa nane, na baba asiwe na mtu wa kumgeukia.

Akakunja kanga, akakaa.

Bwana Kondo aliichukua karatasi yake, akaichana taratibu, kwa sababu ilikuwa kazi yake nzuri. Gari likaondoka. Baraza likaondoka. Wakabaki watatu, wawili chini na mmoja juu.

Saa ya kwanza haikuwa na kitu. Nzi walikuwepo, joto likawepo. Mwantumu hakujua afanye nini na mikono yake. Mara tatu aliangalia saa ili ajue wamechelewa wapi.

Magari mengine yalikuja na kupita. Moja lilishusha wageni mbele yao hasa, na Mpangasiku wake, mwanamke kijana mwenye sauti ya kengele kuliko kengele yenyewe, alikuwa bado anamalizia habari za nyani. "Hawa hukaa kwa familia," alisema akiwa amegeukia upande wa Mwantumu na baba yake. "Dume ndiye huyo mzee." Wageni wakatazama, wakaandika. Mzee Semboja akawapungia mkono. Mmoja akampungia, akagongwa muhuri.

Kengele ilipolia, vichwa viwili vya tembo vilivyokuwa vimechungulia pembeni ya ukuta vikarudi.

"Bwana Kondo," mzee alisema, "hawa wanakimbia kengele."

"Hawakimbii, mzee. Wanaondoka dakika ya nne. Ndiyo tabia yao."

"Na nyie mnapiga kengele dakika ya ngapi?"

"Ya nne. Kwa sababu ndipo wanapoondoka."

Mzee akaelekeza uso dimbwini. Alimwachia nafasi. Bwana Kondo alisimama pale, akatazama ukuta, akatazama dimbwi, na Mwantumu aliona uso wake ukibadilika polepole, kama maji yanapoanza kupata moto. "Miaka kumi na mmoja," akasema mwishowe. Kisha akatoa leso mfukoni, akaisokota ndani ya kengele mpaka ulimi wake ukashikwa. Gari la mwisho la siku ile likawa limeshapita. Hakukuwa na kengele nyingine.

Saa tisa na kitu tembo wakarudi. Hawakuja kwa fujo. Walikuja kama watu wanaorudi kutoka shambani, mmoja mmoja, masikio yakipiga. Mbele alikuwa jike mkubwa mwenye mtoto. Akafika kwenye tope, akalipima kwa mkonga, akajimwagia kidogo mgongoni.

"Baba," Mwantumu akaanza, "yupo hapo, kushoto kwa..."

"Usiniambie. Nyamaza, mwanangu. Usiniambie chochote."

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa upande, jicho lile moja limefunguka. Mwantumu alimtazama yeye, hakumtazama tembo. Aliliona jicho likija. Alisema ulikuwa ni mwendo wa kweli, kama mtu anayetokea mbali barabarani, kwanza humjui, kisha unamjua.

Yule jike akasogea katikati ya tope, akakunja miguu ya mbele. Akatua kidogo. Kisha akashusha ya nyuma. Taratibu kabisa, uzito wote ule. Magoti ya nyuma yakaenda mbele, yakatua topeni, na nyayo zikabaki nyuma zimelala, kama za mtu anayesali.

Tembo alijilaza ubavu, akajigaragaza, akapiga magoti tena, akainuka. Mzee aliangalia kote kote, kushuka na kupanda.

"Mbele," alisema. "Linatokeza mbele."

"Ndiyo, baba."

"Miaka arobaini nimewauzia watu mbuzi wenye mkonga."

Akaanza kucheka. Alicheka kimyakimya, mabega yakitikisika, mpaka Mwantumu akaogopa kwamba analilia jicho lake, akamtazama vizuri, akaona ni kicheko kweli. Bwana Kondo naye akacheka, kwanza kwa adabu, kisha bila adabu.

"Na mimi sikujua," Bwana Kondo alisema. "Nimesimama hapa kila siku. Ungeniuliza ningekujibu kwa sauti kubwa, na ningekosea."

"Tulikuwa wawili basi."

Hapo mzee akaacha kucheka. Mkono wake ulikuwa gotini kwake, alikuwa analisugua kama wazee wanavyosugua magoti. Mkono ukatulia. Akalipapasa goti lake pande zote, juu ya mfupa, chini ya mfupa, pale ngozi inapolegea. Akaukunja mguu, akaunyoosha, akaukunja. Kisha akageuka, kwa shida, akapiga magoti pale mchangani, akapeleka mkono nyuma akagusa muundi wake, akagusa kisigino, akagusa wayo uliolala.

"Baba, unafanya nini?"

"Ni hili," alisema. "Mwantumu, ni hili hili. Lete mkono." Akauchukua mkono wake, akauweka juu ya goti lake lililokauka kama kokwa. "Na huu mguu unapita hivi, unalala hivi. Tembo nyuma ni mtu. Miaka yote nilikwenda kumtazama mbuzi, na goti nimelibeba mwenyewe."

"Sasa umelijua, na jicho..." Mwantumu hakumaliza.

"Jicho la nini? Hili nalichonga gizani. Nikisahau, najishika."

Akarudi akakaa, amechoka, ameridhika. Alisema ataanza na mdogo, wa kiganjani, aliyepiga magoti. Hakuwahi kumchonga tembo aliyepiga magoti, kwa kuogopa. Aliendelea kusema habari za mpingo na patasi, maneno yakawa yanapungua, na mkono ukiwa bado uko gotini akalala.

Jua lilikuwa bado liko juu kidogo. Bwana Kondo alikuwa anahamisha uzito mguu huu na huu.

"Kaa basi, kaka," Mwantumu akamwambia. "Nani atakuona?"

"Nikikaa nitakuwa nani? Mimi ni mkaazi tayari."

"Utakuwa umekaa, kaka yangu. Basi."

Alifikiri. Kisha akaegemea ukuta, akajiteremsha kwa mgongo, sehemu kwa sehemu, akisikiliza kila kiungo. Alipofika chini alitoa pumzi ambayo Mwantumu alisema ilikuwa ndefu mno, kama ya mtu aliyetua ndoo aliyoibeba toka utotoni. Akasema, "Kumbe huku chini kuna upepo." Akataka kusema na jingine, mdomo ukabaki wazi kidogo, akalala vilevile.

Mwantumu akabaki peke yake. Akafikiri kwamba mmoja wao abaki macho, awaangalie wenzake na awaangalie wale wanyama, na atakuwa yeye, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa siku zote. Huko kwingine, saa hizi, wageni walikuwa wanashushwa mbele ya Paa la Shaba. Alijaribu kulisikitikia, akaona halimjii. Hakuwa na chumba cha kuandika wala kitu cha kufuata. Mtoto wa tembo alikuwa bado yuko topeni, anajaribu kupiga magoti kama mama yake. Ya mbele yanakubali, ya nyuma yanateleza, anaanguka ubavu, anainuka, anajaribu tena. Mwantumu alimwangalia, kichwa chake kikaangukia bega la baba yake, naye usingizi ukamchukua.